Alama Chini ya Hirizi

Kazi yangu ya Gitega niliipata kwa sababu ya macho. Padri mmoja mzee, Mbelgiji, alikuwa na ghala la vitu vya kale nyuma ya misheni: ngoma, mikuki, vigoda, na bunduki za kizamani. Nyingine ziliachwa na Wajerumani, nyingine na Wabelgiji, na nyingine watu wa Makebuko na Ryansoro walizikuta kwenye dari za babu zao wakazileta kwake kabla hazijawaletea balaa. Padri alizijua kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake, ila macho yalikuwa yameanza kumfunga. Alihitaji mtu wa kumsomea vyuma. Mimi nilikuwa mjane wa mtaa wa Waswahili, nina mikono iliyozoea kusugua na macho yanayotunga uzi kwenye sindano kwa jaribio moja, basi akanichukua.

Mtaani walinicheka. Mwanamke wa Kiislamu, kila asubuhi na mtandio wake kichwani, anakwenda kwa padri kushika bunduki! Wakasema nimeolewa na baruti. Nilicheka nao mwanzoni, halafu nikawaomba waache, maana ilikuwa miaka ya vita, na utani kama ule ukimfikia mtu asiyejua utani ungenipeleka pabaya. Hawakuacha. Mtaa haukuwa na mengi ya kufurahia siku zile, nami nikawaachia hilo.

Padri alinifundisha polepole, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno. Huko kwao, alisema, kuna mji uitwao Liège ambako bunduki zilitengenezwa kama hapa kwetu tunavyosuka vikapu, kila nyumba na sehemu yake: huyu mtutu, yule mti wa kushikia, mwingine mtambo wa kufyatulia. Lakini mtutu haukuuzwa kabla ya kupelekwa kwenye nyumba ya majaribio. Pale ulishindiliwa baruti kupita kiasi na kulipuliwa. Ukipasuka, basi. Ukisalimika, ulipigwa muhuri: kiduara kirefu kama yai, ndani yake herufi tatu. Watu wengi, hata wasomi, hudhani herufi zile ni jina la aliyeitengeneza. Siyo. Ni ushahidi tu kwamba mtutu ulijaribiwa ukavumilia. Alama ya fundi mwenyewe huwa ndogo, herufi mbili zilizojibanza pembeni.

Kisha kulikuwa na mambo ya taji, ambayo yalinisumbua hadi nikaanza kuyaota. Mkaguzi wa nyumba ile aliweka herufi yake moja kwenye chuma. Zamani sana herufi hiyo ilivaa taji. Baadaye taji likaondolewa, ikawekwa nyota. Lile yai nalo lilikuwa kinyume: la zamani halikuwa na taji, la baadaye likavikwa. Nikajitungia wimbo wa kusugulia: taji juu ya herufi ni uzee, taji juu ya yai ni ujana. Padri aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

Kusoma kwenyewe kulikuwa na njia yake. Unawasha mshumaa, unapitisha chuma juu ya ule moshi hadi kiwe cheusi, halafu unafuta kwa ncha ya kidole, taratibu. Masizi yanabaki ndani ya mikwaruzo, na alama inajitokeza. Siku zangu za mwanzo nilifika na majivu na ndimu, nikidhani nitamfurahisha kwa kuzing'arisha bunduki zake. Aliposikia harufu ya ndimu alinishika mkono kama mtu anayemzuia mtoto kwenye moto. Akanieleza kwamba alama hizo zimeingia ndani ya chuma kwa unene wa ukucha tu, na kila ukisugua kwa majivu unakula kidogo. Ukisugua miaka mingi, umezila zote.

Nikaiweka ndimu chini, kwa sababu nilimkumbuka shangazi yangu wa Muyinga.

Kwetu sisi, kabla ya Idi hakuna chuma kinachopona. Masinia, mabirika, vyetezo, vijiko, vyote hutolewa uani na kusuguliwa kwa majivu na ndimu hadi uone meno yako humo. Nyumbani kwa shangazi, pamoja na masinia, iliteremshwa pia bunduki. Ilikuwa ya babu yake mumewe, mtu wa misafara aliyetoka upande wa Ujiji na chumvi na vitambaa. Ilitundikwa juu ya mlango wa sebule, na tangu nikiwa msichana niliisugua mimi mwenyewe nilipokwenda kula sikukuu huko. Iling'aa kama sufuria mpya. Sehemu moja tu hatukuigusa: karibu na pale baruti inapokaa, mtutu na mti vilikuwa vimezungushiwa ngozi iliyoshonwa kwa mkono, nyeusi, ngumu kama kwato. Hiyo ilikuwa hirizi ya babu. Ndani yake, walisema, kulikuwa na aya. Nani angethubutu kuishika na ndimu?

Habari zilinifikia msimu wa mvua, kwa mchuuzi wa maharage aliyetoka Muyinga. Askari walikuwa wamepekua nyumba za mtaa wa shangazi wakitafuta silaha. Wakaiona bunduki juu ya mlango, wakamchukua mume wa shangazi.

Ungedhani mtu yeyote mwenye macho angejua kwamba ile ni kitu cha kale. Lakini askari hawakuona kitu cha kale. Waliona bomba linalong'aa kama limetoka kiwandani jana, na nyundo ya kupigia iliyofuliwa na mhunzi wa pale pale Muyinga, kwa sababu ile ya asili ilivunjika, naye baba wa mume wa shangazi akatengenezewa nyingine. Wakasema hii ni mugobore, yaani zile bunduki za bomba la maji zilizokuwa zikitengenezwa kwa siri vilimani. Miaka ile mtu aliyekutwa na mugobore hakuulizwa maswali mengi. Wafungwa walisubiri lori la kuwapeleka gereza la mbali, na katika waliotangulia ni wachache walioweza kutuma hata salamu. Usafi wetu wa Idi, ambao tuliuona ni ibada, ndio uliomtia yule mzee ndani. Nilipolielewa hilo nililia, tena kwa hasira.

Shangazi hakuwa amelia. Alikuwa amekwenda kwa komanda wa wale askari akamwambia kwamba Gitega kuna mtoto wa ndugu yake anayesoma vyuma vya wazungu, na amsubiri. Komanda, sijui kwa nini, alikubali kusubiri mpaka lori litakapofika.

Padri alinipa mshumaa mzima na kioo chake cha kukuzia, ambacho hakuwahi kumwazima mtu. Alinitaka nitazame upande wa kushoto, karibu na chumba cha baruti, maana hapo ndipo watu wa Liège walipopenda kupiga mihuri. Na akaniomba jambo moja: nisiseme ninachotamani kukiona, niseme kilichopo. Niliitikia. Upande wa kushoto karibu na chumba cha baruti ndipo ilipokuwa hirizi.

Nilisafiri kupitia Karuzi na mama mmoja Mkongomani, mfanyabiashara wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka upande wa Uvira. Magari yaliongozana kwa sababu ya hatari za njiani, na mafuta yalikuwa ya kubahatisha. Kwenye kila kizuizi cha askari yeye aliomba kwa sauti kwa jina la Yesu, mimi nikasoma yangu kimoyomoyo. Tulipovuka cha mwisho alinipigapiga goti akaniambia tumeziba pande zote. Nilimpenda mama yule, ingawa nilinuka ndagala siku mbili.

Shangazi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye ulimi wa kukwangua ukoko. Nilimkuta akifunga chakula cha kupeleka mahabusu, wali kidogo na maharage. Hakuruhusiwa kumwona mumewe. Aliacha chombo mlangoni, akarudishiwa kikiwa kitupu, na kwa utupu ule akajua kwamba bado yuko hai. Nilimwacha amalize kufunga, nikamweleza yote: kwamba tumeifuta bunduki kwa mikono yetu, na kwamba kama kuna alama iliyobaki, iko chini ya ngozi.

Alikisogeza kile chombo pembeni. Halafu akasema, "Yuko ndani, yuko mu mikono yao, na we unataka niikate leo?"

Kwake yeye hesabu ilikuwa rahisi. Mumewe alikuwa amepona mara nyingi. Walipochukuliwa majirani, yeye alikuwa shambani. Risasi zilipopigwa sokoni, aliyekuwa amesimama mbele yake alianguka, yeye akarudi nyumbani na kofia yake kichwani. Kilichomlinda ni nini, kama si kile kilichoshonwa na babu yake? Kuifungua sasa, akiwa mdomoni mwa simba, ni kumwambia simba afunge mdomo. Mimi wakati ule nilishaanza kuzipinga hirizi. Shehe wetu wa Gitega alizisema vibaya kila Ijumaa, na hoja zake nilikuwa nazo tayari ulimini. Nikazitoa zote. Shangazi alinisikiliza, akaniuliza kama nimemaliza, akaniambia nikanawe mikono nile. Nilimpenda sana shangazi yangu, lakini siku ile nilitaka kumtikisa.

Asubuhi tulikwenda kwa komanda. Alikuwa mtu mpole wa sauti, mchovu, si mbaya wala si mwema. Alikuwa na kazi yake. Bunduki ilikuwa imelazwa juu ya meza ya pembeni, hirizi ikiwa bado juu yake. Nilishangaa. Akasema aliwaamuru vijana wake waitoe ile ngozi, kila mmoja akapata shughuli nyingine. Mmoja aliyeishika kidogo alilala na homa, na tangu hapo hakuna aliyepita karibu na meza ile. Yeye mwenyewe alikuwa anaongea akiwa amesimama mbali nayo kidogo.

Niliwasha mshumaa. Nikaufukiza mtutu kuanzia mdomoni kuja nyuma, nikafuta kwa kidole. Hakuna. Laini tupu. Karibu kabisa na ukingo wa ngozi nikaona mstari uliopinda, nusu ya kiduara, na juu yake kitu kama vinukta viwili. Nikaweka kioo. Lilikuwa yai, hilo niliweza kuapa. Lakini vile vinukta vilikuwa nini? Vikiwa mabaki ya taji, basi bunduki ni ya baadaye, na mtu angeweza kusema ilikuja majuzi na mlowezi yeyote. Vikiwa mikwaruzo ya majivu yetu, basi ni ya zamani sana. Na hata yai lenyewe lilikuwa limebaki nusu, mtu asiyelijua angesema ni kovu la nyundo.

Komanda aliniuliza naona nini. Nilijua jibu lililotakiwa. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu, nikisikia pumzi yake. Lakini kitu cha aina hii ukikisema huku komanda naye anaangalia kwenye kioo kile kile, lazima kiwepo. Nikasema, "Yai naliona. Ya juu yake siwezi kuapia. Imefutika."

"Alors, basi," akasema, kama mtu anayefunga mlango bila kuubamiza. "Camion ya wafungwa inakuja kesho asubuyi. Mama, mi sikati ile kitu, na askari zangu hawakati. Ni we unajua."

Shangazi alivua viatu. Aliomba maji.

Walimpa bidoni, dumu la maji la uani. Akapandisha mikono ya gauni lake, akatawadha pale, mbele ya askari, bila haraka: mikono, mdomo, pua, uso, hadi miguu. Nyuma ya ukuta ule ndiko walikokuwa mahabusu. Sikujua kama mumewe anasikia maji yakimwagika na kama anaweza kumjua mkewe kwa sauti ya maji. Aliporudi ndani uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta. Akasema Bismillahi, akanyoosha mkono, na komanda akafungua droo akampa wembe wake wa kunyolea, mpya, ukiwa bado kwenye karatasi yake.

Hakukata ngozi. Alikata uzi, mshono mmoja baada ya mwingine, kama anayefumua nguo anayotaka kuishona upya. Nilitamani afanye haraka. Alipomaliza mshono wa mwisho ngozi haikuanguka. Ilikuwa imeshika umbo la bunduki, akalazimika kuibandua kwa kucha. Karatasi ya ndani ilikuwa imegeuka kuwa unga wa kahawia. Aliukusanya wote kwenye pindo la kanga yake, akafunga fundo, kisha akasogea ukutani na kugeuka, asiangalie.

Chuma kilichokuwa chini ya ngozi kilikuwa cheusi, na alama zilikuwa wazi kana kwamba mhunzi alikuwa ameweka nyundo chini akatoka kwenda kula. Sikuhitaji mshumaa. Yai lilikuwa pale limepigwa mara ya pili, zima, na herufi zake tatu, kichwa wazi, bila taji. Pembeni yake herufi moja ya mkaguzi, nayo ndiyo iliyovaa taji. Kijimnara kidogo, alama ya mji wao. Na chini kabisa, karibu na mti, herufi mbili za fundi aliyetengeneza mtutu, mtu aliyekufa kabla baba zetu hawajazaliwa. Nikakaa bila kukaribishwa.

Nilimweleza komanda moja moja, naye akashika kioo akaangalia. Alikuwa mwangalifu, sikumlaumu. Akatuma iletwe mugobore moja kutoka stoo, ikalazwa kando ya ile yetu. Ukiingiza kidole kwenye mdomo wa ile ya bomba ulisikia mshono wake ndani, na nje haikuwa na alama hata moja, chuma bubu. Akazigeuza zote mbili mara kadhaa. Mwisho akasema, "Iyi ni ya wazungu wa zamani. Bwana yako atatoka. Bunduki itabaki."

Alitoka alasiri, amekonda, na kandambili za mtu mwingine miguuni. Shangazi hakulia. Alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye zile kandambili, halafu akaanza kutembea mbele yake kuelekea nyumbani. Njiani nilimweleza mzee yaliyotokea. Nilijiandaa kwa hasira yake, maana ilikuwa hirizi ya babu yake. Alisimama katikati ya barabara akacheka. Akasema angeulizwa siku ya kwanza angeikata mwenyewe. Ile ngozi ilikuwa inanuka tangu utoto wake, na hakuwahi kuiamini hata siku moja, ila aliogopa kumwudhi mkewe. Shangazi alikuwa hatua chache mbele. Alisikia. Hakugeuka.

Ule unga aliuzika mahali safi, kama inavyotakiwa kwa karatasi yenye aya. Mimi nikarudi Gitega. Padri alinitaka nimhadithie alama zile mara mbili, akifumba macho, na nilipofika kwenye ile herufi yenye taji alitabasamu kama aliyepewa salamu za mtu wa kwao.

Nilikwenda tena Muyinga kwa ajili ya Idi. Vita vilikuwa bado. Masinia yalikuwa yanang'aa, juu ya mlango wa sebule kumebaki misumari miwili, na mtaa mzima ulikuwa na kichekesho kipya: shangazi. Alikuwa hamwachi mumewe. Mzee akienda sokoni, yupo nyuma yake. Akienda shambani, yupo na jembe. Akienda msikitini, anabeba kigoda, anakaa ng'ambo ya barabara hadi sala iishe. Wanaume walimtania mzee kwamba serikali imempa mlinzi wa bure, naye alikuwa amezoea, anawaitikia tu. Mimi sikuona cha kuchekesha. Alikuwa amekonda kuliko mumewe alivyokonda mahabusu.

Ijumaa nilimfuata pale kwenye kigoda chake. Nilichuchumaa mbele yake, nikamshika mikono, nikamwambia apumzike, kwamba yaliyokwisha yamekwisha, kwamba Mungu ndiye mlinzi, na mzee mwenyewe amesema hakuiamini ile ngozi. Nilizungumza vizuri, nadhani. Aliniacha nimalize, kama alivyoniacha siku ile nyingine.

"Kitu yenye ilikuwa inamulinda, ni mi niliikata na mikono yangu," akasema. "Sasa ni mi niko pa fasi yake."

Kisha akaniomba nisogee kidogo, kwa sababu nilikuwa namzibia mlango wa msikiti.